Prado yangu inazama kwenye mchanga wa Wahiba: kosa ni la gari au la dereva?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nipo Maskati, nina Prado ya 2015, V6 lita 4.0, otomatiki, tairi za 265/65R17. Ijumaa tuliingia jangwa la mchanga la Wahiba kupitia mji wa Bidiya, gari mbili, kila moja watu watano na mizigo. Nilipunguza upepo wa tairi hadi psi 25, nikafunga difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), nikaweka L4, yaani gea nzito, tangu mwanzo. Hata hivyo nilikwama mara nne, na mara ya mwisho taa ya AT OIL TEMP (joto la oili ya giaboksi) ikawaka tukijaribu kupanda tuta saa saba mchana. Mwenzangu anasema niinue gari na ninunue tairi pana za matope. Je, giaboksi imeharibika? Na ni kweli Prado haifai mchangani?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Prado inafaa sana mchangani, na pesa ya kuinua gari iache benki kwanza. Kwa maelezo yako, kilichokukwamisha ni ile 25. Mengine yote, mpaka ile taa, yameanzia hapo.

Tupige hesabu kidogo. Prado yenye watu watano, maji, mafuta na mahema inafika tani 2.6 hivi, yaani kilo 650 kwa kila tairi. Kwa psi 25, upepo uliomo unasukuma kilo 1.76 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tairi italala chini kwenye eneo la sentimita za mraba 370 hivi ili ibebe uzito huo. Kwa psi 15, eneo linafika 616. Namba halisi hupungua kidogo kwa sababu ubavu wa tairi nao unabeba sehemu ya mzigo, lakini tofauti ndiyo hiyo. Na eneo hilo huongezeka kwa urefu kuliko upana: tairi inalala kama mnyororo wa buldoza. Ndiyo maana tairi pana hazikupi unachokitafuta. Tairi za matope ndizo mbaya zaidi, meno yake yametengenezwa kuchimba, na mchanga ukichimbwa unakumeza. Tairi za kawaida za barabara, au zile za mchanganyiko zenye meno madogo, zinatosha.

Kwa 25 tairi inakata mchanga badala ya kupita juu yake. Mbele ya kila tairi kunajikusanya kijiukuta cha mchanga, na gari linakuwa linapanda mlima hata pale palipo tambarare. Unaongeza moto, tairi moja inateleza, kompyuta inaibana kwa breki, unaongeza moto tena. Nguvu yote hiyo ya injini inageuka joto ndani ya giaboksi.

Kwa gari lako anza na 18 kwenye njia za mabondeni, shuka hadi 15 kabla ya kugusa matuta. Mchanga ukiwa laini sana, au ukishakwama, 12. Chini ya hapo, 10, ni ya kujitoa tu, mwendo wa kutembea, usukani umenyooka, halafu jaza tena. Ukikata kona kali ukiwa na 10, ukingo wa tairi unachomoka kwenye rimu na mchanga unaingia. Wenye rimu za inchi 20 wasifuate namba hizi, ubavu wao ni mfupi mno. Pima kwa geji, usikisie kwa jicho, na uzipime tairi zote nne. Kumbuka pia kwamba joto hupandisha upepo: 15 uliyoipima alfajiri kwenye nyuzi 20 itasoma 18 tairi ikifika nyuzi 50. Ukiona saa tano gari limeanza kuwa zito njia ile ile, simama mahali pagumu upime tena.

Ukiwa na 15 usizidi kilomita 40 kwa saa penye changarawe au udongo mgumu, na usitie tairi kwenye lami ya barabara kuu kabla ya kujaza. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara haitakufikisha popote, fyuzi ya pale ni ampea 10 au 15, na kompresa ya maana inavuta karibu 30. Nunua ya kubana moja kwa moja kwenye betri, na injini iwe inaunguruma unapoitumia.

Kuhusu L4, hukukosea sana. Prado yako inaendesha magurudumu yote wakati wote, kwa hiyo swali ni H (gea za mwendo) au L (gea nzito). Mahali unapoweza kushika kilomita 30 hadi 50 bila kukatika, tumia H4 na difu ya kati imefungwa, lever uiweke kwenye S na uchague 3, ili giaboksi isipande gea ya juu ukaishiwa nguvu katikati ya mchanga. Mwendo ukishuka chini ya 20 kwa muda mrefu, hapo L4 ndiyo salama, kwa sababu kwenye H konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inateleza na kuchemsha oili. Kubadili kunataka gari lisimame na lever iwe nyutro, kwa hiyo amua ukiwa bado pagumu. Watu wengi hugundua wanahitaji L wakiwa wameshazama mpaka kwenye difu.

Hakikisha pia taa ya VSC OFF inawaka kwenye dashibodi, kuonyesha mfumo wa kuzuia gari kuteleza umezimwa. Difu ya kati ikifungwa mfumo huo kwa kawaida hujizima, lakini angalia kwa macho yako. Usipozimika, simamisha gari, bonyeza kitufe na ukishikilie sekunde tatu. Mfumo huo unafaa sana kwenye lami yenye mvua. Mchangani unakukatia nguvu pale pale unapoihitaji.

Sasa matuta. Ya Wahiba yamelala kaskazini kwenda kusini, mistari mirefu yenye mabonde katikati. Ukiingia Bidiya na kufuata bonde kuelekea kusini unakwenda pamoja na mistari hiyo, na kwa dereva mgeni hiyo inatosha kabisa kwa safari ya kwanza. Kukata kutoka mashariki kwenda magharibi ni shughuli nyingine, kila baada ya bonde una tuta, na mengine yanakaribia mita 100. Upande upepo unakotokea mteremko ni wa taratibu na mchanga umeshindiliwa. Upande wa pili ni maporomoko ya nyuzi 32 hadi 34, mchanga umelala pale kwa kujishikilia tu. Panda kupitia upande mgumu, shuka kupitia ule laini, na kwa hali yoyote usijaribu kupanda ule laini. Saa saba mchana jua liko utosini, hakuna kivuli, na huwezi kujua ukingo uko wapi mpaka boneti imeshainuka. Alfajiri mpaka saa tatu mchanga umebana zaidi na vivuli vinakuchorea umbo la kila tuta.

Panda ukiwa umenyooka. Mwendo uuchukue chini, si katikati ya mlima, kisha ukikaribia juu punguza mafuta ili ufike kileleni ukiwa karibu unasimama, uone kilichopo upande wa pili. Ukiishiwa nguvu njiani usilazimishe na usigeuze. Tia rivasi, shuka kwa alama zako zile zile, uanze tena kutoka mbali zaidi. Gari lililowekwa kiubavu kwenye tuta linabiringika, na urefu wa Prado hausaidii (na huko kuinua gari kungekuongezea balaa hili hasa). Kushuka, L4 gea ya kwanza, mguu mbali na breki. Mkia ukianza kukupita upande, elekeza usukani chini ya mteremko na uguse mafuta kidogo. Mikono inataka kugeuza juu na mguu unataka breki, na hayo mawili ndiyo yanayolaza gari. Ukitaka kupumzika simamisha gari pua ikiwa imeelekea chini, na liache lisimame lenyewe bila breki, ili mchanga usijikusanye mbele ya tairi.

Tahadhari moja nje ya matuta: ukifika kusini kwenye sabkha za Barr Al Hikman, sahau yote niliyosema kuhusu upepo. Pale juu ni ganda la chumvi na chini ni tope. Waliopita jangwa la Chalbi kule Marsabit, Kenya, baada ya mvua wanaijua hali hiyo. Kaa kwenye alama za magari yaliyotangulia, basi.

Kukwama kwenyewe si tatizo. Tatizo ni sekunde kumi zinazofuata. Mara tu gari linapoacha kusonga, ondoa mguu. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo unachimba shimo, na mizunguko mitano inatosha kulaza chasi juu ya mchanga. Hapo magurudumu yananing'inia na hakuna gea itakayokutoa. Watu wote washuke. Lala chini utazame: mchanga umegusa difu ya nyuma, au sahani ya chuma iliyo chini ya injini? Kama umegusa, huko ndiko kwa kuchimba kwanza, kabla ya tairi. Kisha toa mchanga nyuma ya kila tairi kwa mteremko mrefu wa nusu mita au zaidi, shusha upepo hadi 12, halafu jaribu rivasi taratibu, kwa sababu nyuma tayari kuna njia uliyoishindilia mwenyewe. Ngazi za mchanga (zile mbao za kutegea tairi) zisukume mpaka zikae chini ya tairi kabisa, na mtu asisimame nyuma yake, zinaweza kuruka. Jeki bila ubao wa sentimita 40 kwa 40 chini yake itazama kabla gari halijainuka.

Ikibidi gari la pili livute, tumia kamba ya mchanga inayonyumbuka, ya tani 8 hivi kwa gari lako, na shakeli (pingu za chuma za kuungia kamba) zilizopigwa muhuri wa tani 4.75. Funga kwenye ndoano iliyoungwa na chasi. Kamwe usifunge kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ukikatika unaruka kama risasi, na watu wamekufa kwa hilo. Vile vijicho vyembamba vilivyo chini ya bampa, vya kufungia gari likisafirishwa melini, navyo si vya kuvutia. Kamba ikishafungwa, wote wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wake, na asiwepo mtu wa kuiruka eti anawahi upande wa pili.

Tukirudi kwenye giaboksi yako: taa kuwaka mara moja haimaanishi imekufa. Ikiwaka tena, simama, weka P, injini iendelee kuunguruma ili oili izunguke kwenye rejeta, bonyeza AC uizime, na usubiri mpaka taa izimike yenyewe. Ukizima injini, oili yenye moto inabaki imekaa ndani ya konvata, na hapo ndipo inapoungua. Swali langu kwako ni uliendelea kukanyaga kwa muda gani baada ya kuiona. Kama ni dakika kadhaa, badilisha oili sasa. Gari lako halina kijiti cha kupimia, kiwango kinapimwa kwa kizibo cha chini ya sampo (bakuli la oili) oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa, kwa hiyo nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma joto hilo, na asitie oili nyingine isipokuwa Toyota WS. Mwambie akuwekee oili iliyotoka kwenye chombo safi uione. Ikiwa nyekundu iliyofifia, hakuna neno. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, rudia kuibadilisha baada ya kilomita elfu moja hivi, kwa sababu kumwaga mara moja hakutoi iliyobaki ndani ya konvata. Na sumaku za sampo zikiwa na vipande vya chuma badala ya ule uji mweusi laini wa kawaida, usilirudishe gari mchangani kabla giaboksi haijafunguliwa.