Daktari wa ngozi na daktari wa upasuaji, ndoa itawezekana?

Dada, umeuliza kama wewe, daktari wa ngozi, utaweza kuishi na mchumba anayesomea ubingwa wa upasuaji. Utaweza, ila usijidanganye kuhusu muda. Kliniki yako hufungwa jioni. Yeye akiwa zamu ya dharura, simu ikilia saa nane usiku anaondoka, kisha anarudi hoi, hana hata neno. Hapo wengi hudhani wamechokwa, kumbe mtu ana usingizi tu. Mwombe ratiba ya zamu mapema, mpange siku zenu kwanza. Mafunzo yake huchukua miaka 5 au zaidi kwenye nchi nyingi, kwa hiyo zungumzieni watoto sasa: nani ataamka usiku? Jibu lisiwe wewe kila mara, eti kwa sababu kazi yako ni nyepesi.