Krismasi ukweni Rombo na mtoto wa miezi minne

Dada, nimekuelewa: unalala ukweni kwa mara ya kwanza, mumeo ametangulia, na mawifi wameshasema mtoto ataanza uji huko huko.

Tiketi kata leo. Desemba mabasi ya Kilimanjaro hujaa, na baadhi ya wapiga debe wa stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, watakuuzia kiti kisichokuwepo. Nenda ofisi ya kampuni yenyewe, uchukue tiketi ya kielektroniki. Wakizidisha nauli, ripoti LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Panda la alfajiri. Sweta, soksi na kofia ya mtoto zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Kule mlimani usiku kuna baridi.

Zawadi? Sukari, mchele na kitenge cha mama mkwe vinatosha. Usikope.

La uji ndilo zito. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Mtori watakaopika ule wewe. Ila usibishane na mawifi; mumeo azungumze na mama yake kabla hujafika. Mtoto akipata homa au akigoma kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa mkesha.