grep kutoa 1 siyo kosa

Umeuliza kwa nini skripti yako inakatika kwenye mstari wa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, inapotoa 1. Grep yako ni nzima. Kila amri ikimaliza huacha namba ya matokeo; kwa grep, 1 maana yake haikukuta mstari unaolingana. Kosa lenyewe, mfano faili halipo, ni 2. Ikikuta, 0. Skripti inakatika hapo kwa sababu umeweka set -e (inayosimamisha skripti amri ikishindwa), na kwa bash, programu inayoendesha skripti, chochote kisicho 0 ni kushindwa. Mimi ilinila usiku mzima kwenye skripti ya bakapu, kumbe man grep (mwongozo wake) imeeleza wazi. Anza na kodi=0, mwisho wa mstari wa grep weka || kodi=$? (yaani ikishindwa, hifadhi namba yake), kisha simamisha kazi kodi ikizidi 1. Usiweke || true, itameza hadi ile 2. Ila ukitumia -q (grep isichapishe chochote) na mstari ukapatikana, inatoa 0 hata kama kuna faili lililogoma kufunguka.