Maswali ya Wasomaji: Kelele Kwenye Kigunduzi cha Silikoni

SWALI: Nina kigunduzi cha chembe cha silikoni cha sentimita 1 ya mraba, unene mikromita 300. Nimekiunga kwenye amplifaya ya chaji (hugeuza chaji ndogo kuwa volti) kwa kebo ya koaksia ya mita 1, lakini osiloskopu inaonyesha kelele tu, yaani umeme unaorukaruka ovyo. Je, amplifaya ni mbovu?

JIBU: Anza na kebo. Miuoni (chembe yenye chaji) kutoka angani ikipenya silikoni hiyo huacha elektroni 22,500 hivi, sawa na femtokulombi 3.6. Kigunduzi chako, kikipewa volti za kutosha, kina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya pikofaradi 35 hivi. Kebo imeongeza kama 100. Kelele ya transista ya kwanza hupanda pamoja na kapasitansi yote iliyo mbele yake, kwa hiyo umeikuza karibu mara 4 na chaji haijaongezeka hata kidogo.

Toa kebo, sogeza amplifaya hadi sentimita 2 kutoka kwenye silikoni, kisha funga vyote ndani ya kisanduku cha alumini kisichopitisha mwanga, maana silikoni ikimulikwa huvujisha mkondo, na mkondo huo nao ni kelele. Tumia betri badala ya adapta ya chaja. Ardhi iunganishwe sehemu moja tu.

Sasa ipime amplifaya yenyewe: pitisha ngazi (mruko wa ghafla wa volti) ya milivolti 3.6 kwenye kapasita ya pikofaradi 1 iliyoungwa kwenye mlango wake wa kuingilia. Hapo umeingiza femtokulombi 3.6 kamili. Kama kapasita ya mrejesho (ile inayounga mlango wa kutokea na wa kuingilia wa amplifaya) ni pikofaradi 0.1, tarajia milivolti 36 hivi kabla ya kichujio. Ukizipata, amplifaya ni nzima. Kizingiti, yaani kiwango ambacho ishara ikikivuka huhesabiwa, kiweke angalau mara 5 ya kelele. Ukikishusha chini ya hapo utahesabu kelele ukidhani ni chembe.

SWALI: Kwa nini CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, hutumia chipu?

JIBU: Kwa sababu hiyohiyo ya kebo. Chipu ya Timepix3 ina pikseli 256 kwa 256, kila moja na upande wa mikromita 55, na kila pikseli ina amplifaya yake chini ya silikoni, imeunganishwa kwa tone la solda. Kapasitansi inabaki chini sana ya pikofaradi 1. Ugumu unahamia kwingine: karibu na mgongano wa LHC (mashine ya CERN ya kugonganisha chembe), chembe moja inaweza kugeuza biti ya kumbukumbu, kizingiti kikabadilika bila mtu kugusa. Ndiyo maana katika chipu zinazobuniwa kwa mazingira hayo mipangilio muhimu huhifadhiwa nakala tatu, na chipu hufuata zile mbili zinazokubaliana.