Maswali yenu: Hivi Jim Reeves alikuwa mchungaji?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo Masasi, marehemu babu katuachia redio kaseti na kanda tatu za Jim Reeves, kila Jumapili tukitoka kanisani lazima zilie mpaka ugali wa muhogo uive. Sasa kuna mzee jirani anasema yule alikuwa mchungaji Kaburu wa Afrika Kusini, bibi anakataa, anasema ni Mmarekani na alikufa kwa ndege. Nani mkweli? La pili, mi naimba besi kwaya ya vijana, mwalimu kila siku ananiambia sauti yako haifiki nyuma, kaza, mpaka natamani kuacha. Mbona huyu Jim hakazi na anasikika vizuri tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bibi yuko sahihi, msalimie sana. Jim Reeves ni Mmarekani, kazaliwa Texas kijiji cha Galloway tarehe 20 Agosti 1923, na uchungaji hajawahi. Ndoto yake ilikuwa besiboli, akacheza timu za chini za St. Louis Cardinals mpaka akaumia mshipa wa mguu, mpira ukaishia hapo akaingia redioni kuwa mtangazaji. Ila huyo mzee naye msimcheke, maana mwaka 1962 Jim alienda kweli Afrika Kusini, wakampenda mno, akaimba mpaka Kiafrikaans na akacheza filamu ya huko inaitwa Kimberley Jim.

Sasa hilo la sauti ndo limenigusa maana na mimi nimelelewa na kanda hizohizo. Jim wa mwanzo hakuwa huyu unayemsikia, wimbo wake wa 1953 uliomtoa, Mexican Joe, kaimba kwa sauti ya juu na kwa kukaza kama waimbaji wa kantri, ule muziki wa vijijini Marekani, wa wakati ule. Aligeuka 1957 kwenye Four Walls, akashusha sauti chini kabisa akasogeza mdomo karibu na maiki akaimba kama anaongea na mtu mmoja aliyekaa naye, na wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya kantri. Mwishoni mwa 1959 ikatoka He'll Have to Go kwa staili ileile, hiyo ndo ikampeleka dunia nzima. Kwa hiyo alipokuja kurekodi albamu ya dini, We Thank Thee, 1962, sauti ilishatulia, na ndo maana hata bibi asiyejua Kiingereza anamsikiliza na kunyamaza, yule hahubirii umati, anasali chumbani na wewe umekaa pembeni.

Kifo chake kinauma. 31 Julai 1964 alikuwa anarusha ndege ndogo mwenyewe kurudi Nashville, yeye na mpiga piano wake Dean Manuel, wakaingia kwenye mvua kubwa ndege ikaanguka msituni, watu wakatafuta siku mbili ndo wakawaona. Alikuwa na miaka 40. Halafu 1966, yeye yuko kaburini, Distant Drums ikawa namba moja Uingereza!

Turudi kwako. Mwalimu wako ana hoja kidogo, Jim alikuwa na maiki mdomoni na nyie kama mnaimba bila spika besi peke yake itamezwa tu, hapo dawa ni pumzi ya tumboni, usikaze koo utaliua. Lakini kuacha usiache kabisa. Jirekodi kwa simu, shika karibu na mdomo, imba ubeti mmoja taratibu, mpelekee mwalimu asikie, umuombe siku kukiwa na maiki akupe hata ubeti wa pili peke yako. Besi iliyotulia ni adimu sana, makwaya mengi huku kwetu yanaitafuta.

Na hizo kanda usiziweke karibu na dirisha, jua la huko Masasi linaziharibu. Utepe ukijikunja urudishe polepole kwa kalamu ya Bic.