Butoni za radio ya gari zinaponata: maswali yenu na majibu

Tangu vumbi la kiangazi lianze kutanda Lubumbashi, barua nyingi zinazotufikia kuhusu radio za magari zinalalamikia butoni: zinanata, zinalegea, au zinazungushwa bila kutii. Tumechagua maswali sita ambayo mtu anaweza kuyatatua mwenyewe nyumbani, bila kuifungua radio yenyewe.

Mimi ni dereva wa teksi, ninakaa Katuba. Butoni ya sauti inaninata vidoleni na vumbi jekundu linaigandia. Nimeiosha kwa sabuni na maji ya moto, lakini kesho yake inanata tena. Uchafu huu unatoka wapi?

Papa dereva, huo si uchafu, na ndiyo maana sabuni haiuwezi. Viwanda vingi hupaka juu ya plastiki ngumu ya butoni utando mwembamba wa poliurethani ili kidole kihisi ulaini wa mpira. Utando huo hauishi miaka yote ambayo gari linaishi. Unyevu wa hewa huukatakata polepole kutoka ndani. Joto la gari lililofungwa juani huharakisha kazi hiyo, na jasho pamoja na mafuta ya kujipaka mikononi huimalizia. Gari lililokuwa tayari na umri mkubwa lilipoingia nchini, kisha likapita misimu kadhaa ya mvua za hapa, huwa na utando ambao umeanza kuyeyuka. Unapouosha unaondoa vumbi la juu tu, na kile kinachonata kinabaki palepale, kwa kuwa ndicho utando wenyewe. Dawa yake ni kuubandua wote.

Zima gari na utoe ufunguo. Butoni nyingi za kuzungusha zimechomekwa tu kwenye mhimili wake, bila skrubu: pitisha uzi wa nailoni nyuma yake, shika ncha zote mbili, uvute moja kwa moja kuja kwako. Usitumie bisibisi, maana itaacha kovu kwenye tablo ambalo utaliangalia kila siku. Zile za zamani huwa na skrubu ndogo ubavuni, kwa hiyo chunguza kabla ya kuvuta, na ikikataa kabisa iache mahali pake na uisafishe hapohapo kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo.

Ikiwa imetoka, iweke ndani ya kifuniko cha chupa, umimine alkoli ya farmasi mpaka izame, na usubiri dakika chache. Utaona utando ukikunjamana juu ya plastiki kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Hapo sugua kwa mswaki wa zamani, ukifuata mifereji ya ubavuni, na ubadilishe kitambaa mara kwa mara, kwa sababu kitambaa kilichojaa weusi huurudisha weusi uleule. Mahali panapogoma, changanya bikarbonati na alkoli kidogo mpaka iwe uji mzito, kisha usugue nao. Kazi imekwisha pale ambapo kitambaa cheupe kinapita na kubaki cheupe. Iache ikauke vizuri kabla ya kuirudisha. Fanya yote haya mahali penye hewa, mbali na mbabula na sigara, kwa kuwa mvuke wa alkoli hushika moto upesi.

Jirani ameniambia nitumie esanse, au dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwamba ni ya haraka zaidi. Binti yangu yeye anapaka poda ya mtoto. Nimfuate nani? (Mama wa Kampemba)

Usimfuate yeyote kati yao, Mama. Dawa ya kucha mara nyingi ina asetoni, na asetoni haichagui: inayeyusha utando, kisha inaendelea na plastiki iliyo chini yake, ambayo itabaki na mabaka meupe na alama za vidole zisizofutika. Esanse ndani ya gari ni hatari ya moto, na harufu yake hukaa viti vizima. Poda haiharibu kitu, lakini inaficha kunata kwa muda tu, na baadaye unapata uji wa kijivu kwenye mifereji.

Alkoli ya asilimia 70 inatosha, ingawa ile ya asilimia 90 inafanya kazi upesi zaidi. Jeli ya kusafishia mikono usiitumie hata kama ina alkoli, kwa sababu ina vitu vya kulainisha ngozi ambavyo hubaki juu ya plastiki. Na alkoli yenyewe isiguse kioo cha plastiki cha skrini, kwani aina fulani za plastiki angavu hupasuka nyufa ndogondogo zikiguswa nayo.

Nikisugua hivyo, maandishi ya butoni hayatafutika?

Swali hili ni la kujiuliza kabla ya kufungua chupa. Butoni kubwa ya kuzungusha kwa kawaida haina maandishi, au ina mstari uliochongwa ndani ya plastiki, na hiyo haina shida. Butoni ndogo za kubonyeza, zile zinazowaka usiku, ni habari nyingine kabisa. Nyingi zimetengenezwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, zikapakwa rangi nyeusi juu, kisha herufi zikachongwa kwa leza mpaka weupe ukaonekana. Ukiutoa weusi wote, herufi zinaondoka nao, na usiku butoni nzima inawaka bila kusema ni ya nini.

Kwa hizo, kwanza piga picha ya tablo kwa simu. Kisha jaribu kwenye pembe moja isiyoonekana, kwa ncha ya pamba iliyokamuliwa, ukipangusa mara moja tu. Weusi ukitoka kwenye pamba, simama hapo. Mimi ningevumilia butoni inayonata kidogo kuliko safu ya butoni zisizo na majina.

Butoni yangu inachomoka kila gari likiruka shimo. Je, niibandike kwa gundi kali? (Kijana wa Ruashi)

Hapana, kijana. Gundi ya majimaji hutiririka kando ya mhimili hadi ndani, ikagandisha sehemu inayozunguka, na hapo tatizo la butoni linageuka tatizo la radio. Chomoa butoni uangalie. Mhimili ukiwa umepasuliwa katikati, ingiza ncha ya kisu katika mwanya huo uutanue kidogo sana. Ukiwa mzima wenye ubavu mmoja bapa, weka kipande chembamba cha utepe wa plastiki, ule mweupe wa mafundi bomba, juu ya mhimili kabla ya kuirudisha. Kama shingo ya butoni ndiyo iliyopasuka, izungushie waya mwembamba wa shaba, upake gundi ya epoksi kwa nje tu, na uache ikauke kabisa ikiwa mbali na gari.

Nikiongeza sauti, wakati mwingine inapungua. Nikizungusha upesi, inaruka. Butoni haina kasoro yoyote kwa nje.

Kasoro iko nyuma yake. Katika radio nyingi za kisasa butoni haipimi sauti yenyewe, bali inahesabu hatua. Ndani mna vidole vidogo vya chuma vinavyogusa kisahani na kutoa ishara mbili, moja ikitangulia nyingine. Radio inajua unaelekea upande gani kwa kuangalia ipi imetangulia. Vumbi au kutu vikiingia, ishara moja inapotea, na radio inakosea upande. Kwanza, radio ikiwa imezimwa, zungusha butoni huku na huku mara nyingi, maana mara nyingine msuguano huo peke yake unasafisha. Usipofaulu, chomoa butoni, nyunyiza tone moja la dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye mhimili, zungusha tena, na usubiri ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya kulegeza bolti yasikaribie hapo, kwa sababu yanabaki na kukusanya vumbi. Katika radio za zamani dalili huwa ni mkwaruzo kwenye spika, na tiba ni hiyohiyo.

Butoni ya stesheni inafika 90 tu, kisha inarudi mwanzo. Nataka kusikiliza Radio Okapi.

Butoni ni nzima. Radio hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako FM ya zamani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, nayo Okapi hapa Lubumbashi iko 95.8. Unahitaji konveta, kisanduku kidogo kinachowekwa kati ya antena na radio. Kama yako inapunguza megahezi 12, utaitafuta Okapi kwenye 83.8. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe kiasi inachopunguza, kwani konveta hazilingani.