Asilimia za Exetat si akili ya mtoto peke yake

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Congo, yakitoka, Lubumbashi hujaa poda nyeupe. Finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho) aliyefaulu anamwagiwa kichwani, anatembezwa mtaani, wamama wanapiga vigelegele, na majirani wana swali moja tu: "Amepata ngapi?" Akisema 52 wanamwonea huruma. Akisema 74, huyo ana kichwa! Nimekuwa nikikaa jioni na mafinalisti wa Katuba na Kalebuka, mitaa ya watu wa kawaida hapa Lubumbashi, kwa miaka mingi sasa, na ninalowaambia wazazi ni hili: ile namba imebeba shule, umeme, lugha ya nyumbani na mfuko wa baba kabla ya kubeba akili ya mtoto. Ukilijua hilo, hutapoteza nguvu kumlaumu mtoto. Utapigana pale ambapo mtoto wa maskini anaweza kushinda.

Nianze na lugha, maana ndiyo inayoumiza zaidi na watu hawaisemi. Huku kwetu mtoto anacheza kwa Kiswahili, anagombezwa kwa Kiswahili, na hata madarasa ya chini ya shule ya msingi mwalimu anafafanua kwa Kiswahili. Exetat, ukiacha somo la Kiingereza, ni Kifaransa kitupu, kuanzia ile insha ya hors-session, sehemu inayotangulia, mpaka masomo ya opsyo, yaani mchepuo aliosomea mtoto. Mtoto wa wakili kule Golf, mtaa wa matajiri, amekisikia Kifaransa mezani tangu hajaota meno. Nilikuwa na binti mmoja, mama yake anauza makala (mkaa) sokoni. Nikamsomea swali la fizikia kwa Kiswahili: jiwe limeachiwa kutoka juu, limeanguka sekunde tatu, g ni 10, sasa kasi yake ni ngapi? "Thelathini, yaya," akajibu kabla sijafunga mdomo; yaya kwetu ni mkubwa wako. Nikampa swali la namna hiyohiyo kwenye karatasi, kwa Kifaransa. Kidole juu ya mstari, midomo inatembea, anarudi mwanzo, anaenda tena. Muda ukaisha hata hajayafikia yale majibu matano ya kuchagua. Fizikia alikuwa anaijua vizuri.

Kwa hiyo mafinalisti wangu huwa nawapa kazi ambayo mwanzoni inawachekesha: kila jioni wasome maswali ya miaka iliyopita kwa sauti, bila kuyajibu. Wasome tu, mpaka Kifaransa cha mtihani kiache kuwashtua. Mafotokopi ya maswali hayo yanauzwa mjini. Watoto watano wakichanga, wanapata fungu moja na wanazungushiana. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme, anayeona vizuri gizani kwa taa ya simu anawasomea wenzake. Kusoma kwa kundi kunasaidia kuliko wazazi wengi wanavyodhani, ila kundi lisizidi watu sita, vinginevyo linageuka kijiwe.

Halafu kuna pesa. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na Katiba ya 2006 ilikuwa imeshasema hivyo. Sekondari si bure. Minervali, yaani ada ya shule, isipolipwa, mtoto anarudishwa nyumbani, na mara nyingi ni katikati ya muhula, wakati mwalimu wa hesabu ndiyo amefika kwenye sura ngumu. Anayerudi baada ya wiki mbili anakuta wenzake wameshavuka. Mzazi, kama pesa ni chache, nenda kwa prefe, mkuu wa shule, kabla hujaanza kudaiwa, na useme utalipa kiasi gani na lini. Wengi wanakubali kukusubiri ukijitokeza mapema; wanachochoka nacho ni mzazi anayejificha. Na usitoe hata franka moja kwa ajili ya "majibu". Najua shule iliyochangisha mafinalisti wake ili wasimamizi "wapokewe vizuri", na kila mwaka kuna vijana wanaouza majibu kwenye WhatsApp. Wanaokaa jirani ukumbini wanapewa serii tofauti, yaani maswali yaliyopangwa tofauti. Jibu la namba 7 la mwenzako si la kwako.

Opsyo inachaguliwa mwaka wa kwanza wa humanités, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari, na hapo ndipo milango mingi inafungwa kimyakimya. Mtoto anapelekwa kwenye opsyo iliyopo karibu, au ile yenye ada ndogo, na miaka minne baadaye anasema anataka udaktari. Hakatazwi kuomba, lakini atashindana na waliosoma biolojia na kemia kila wiki katika shule yenye maabara. Uliza mapema. Kama shule ya jirani haina mwalimu wa kudumu wa kemia, jina biokemia lililoandikwa getini halitamsaidia mtoto.

Sasa chuo. Congo hatuna ofisi moja inayowagawa wanafunzi vyuoni. Kila chuo kina masharti yake, na vitivo vinavyogombewa, kama udaktari na polytechnique (uhandisi), huweza kudai asilimia ya juu au mtihani wa kuingia. Wazazi wetu wanauogopa mtihani huo. Mimi naupenda kuliko kizingiti cha asilimia, kwa sababu unampa mwenye 56 nafasi ya kuonyesha anachokijua leo. Usimruhusu mwanao akate tamaa kabla hajauliza kama upo. Misaada ya masomo nayo inafuata asilimia: programu ya Excellentia ya Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi inachagua kati ya waliong'ara kwenye Exetat. Ni jambo jema, siwezi kulilaumu, ila hesabu mwenyewe ni wangapi wa Kalebuka watafika huko.

Kinachowaangusha wengi hata si asilimia, ni karatasi. Shule inapoandikisha watahiniwa, mwambie mtoto aangalie jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza) herufi kwa herufi, zilingane na buletini, ripoti yake ya shule. Kalenga mmoja akiandikwa Kalanga, atakuja kuzunguka maofisi wakati wenzake wameshaanza masomo. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mwaka mmoja kabla. Mtoto ambaye hakuandikishwa alipozaliwa anahitaji hukumu ya mahakama kwanza, na hiyo inakula muda na pesa. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana, kwa hiyo attestation, hati ya kufaulu inayotumika kwa muda, itolewe nakala kadhaa na ya asili ibaki nyumbani, si kwa mjomba aliyeahidi kuipeleka chuoni.

Mama wa yule binti aliniuliza kama auze kiwanja chao kidogo ili binti aingie chuo. Nilimwambia asubiri kwanza, twende wote aparitora, ofisi ya chuo inayoandikisha wanafunzi. Tuliuliza ada ya mwaka mzima ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, awamu ya kwanza inadaiwa lini, na mwanafunzi ambaye hajamaliza kulipa anafanywaje siku ya mtihani. Hilo la mwisho wengi hawaulizi, na ndilo linalowatoa vijana ukumbini mwezi wa sita. Karani alituandikia tarehe zote nyuma ya fomu. Mama akazipiga hesabu kwa magunia ya makala, akaona awamu ya kwanza anaiweza na ya pili ataiweza mvua zikichelewa. Kiwanja bado wanacho.